Mtamba Niliyemnunua Njiani

Shemeji yangu hakuwahi kununua ng'ombe jike maishani mwake. Madume alinunua, mbuzi alinunua, hata punda alimnunua kwa mtu wa Itigi akamjutia, lakini jike wa kuzaa katika zizi lake ilikuwa lazima awe amezaliwa humo humo. Ng'ombe wake wote kumi na mmoja walitokana na majike wawili aliopewa na baba yake alipooa. Asubuhi alisimama mlangoni mwa zizi wakitoka mmoja mmoja, na ukimpa nafasi angekutajia huyu ni wa tumbo gani, bibi yake alikuwa na pembe za namna gani, na mama yake alikufa katika ukame upi.

Mimi nilikuwa nimefikia kwa dada yangu, nje kidogo ya Mkiwa, kwa kupumzika wiki mbili. Ilikuwa imeshapita miezi mitano. Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo nimepakia asali Itigi, nimekamua alizeti mashineni Singida mjini, nimechunga ng'ombe wa watu katika mapori ambayo hata majina yake sikuambiwa. Kila mahali nilikaa mpaka nikajua kazi yake inafanyikaje, kisha nikaondoka. Dada husema nina tabia ya mbuzi: naonja kila jani, sishibi popote.

Mwaka ule majike watatu wa shemeji walikuwa wamezeeka, na ndama wa misimu miwili mfululizo walikuwa madume. Mtamba alibaki mmoja tu, wa rangi ya kahawia mwenye tumbo jeupe, ambaye hata dume alikuwa hajampokea. Dada aliuza maziwa kwenye migahawa ya njia panda, na maziwa hayo ndiyo yaliyoendesha nyumba: chumvi, sabuni, dawa, sare za wanawe. Ndoo yake ilikuwa inarudi nyepesi, na inakwenda nyepesi pia.

Nikaanza mimi. Tulikuwa uani tunapiga alizeti.

"Shemeji, mtamba wa nyumbani unamsubiri karibu miaka minne mpaka umkamue. Wa kununua mwenye mimba unamkamua msimu ujao."

"Wa kununua unamjua mama yake?"

"Maziwa hayaulizi mama."

Dada alicheka, akamgeukia mumewe. "Wewe ulioa kwa kuuliza mama. Na bado ukanipata mimi."

"Ndiyo maana sirudii," alisema shemeji, lakini alikuwa anatabasamu.

Nilisema siku nyingi. Nilikuwa nimeona minada mingi na nilipenda kujisikia nikieleza: meno yanavyosomwa, nyonga zinavyotakiwa kupanuka, chuchu zinavyotakiwa kukaa. Mwisho shemeji alichoka, au labda aliangalia ile ndoo. Waliuza magunia ya alizeti, wakanipa hela. Aliniambia kitu kimoja tu: "Ununue mnadani, mbele ya watu wa mifugo. Uje na kibali."

Sikufika mnadani. Asubuhi ya siku ya mnada, nikiwa bado mbali kidogo, nilikutana na mtu anaswaga ng'ombe sita. Alikuwa na haraka. Aliniambia mnadani kuna foleni na ushuru na maswali, na kama nataka kitu kizuri nichague hapo hapo njiani. Kati yao alikuwepo mtamba mweusi mwenye kichwa cheupe, ambaye alisema ana mimba. Nilimfungua mdomo nikasoma meno. Nilimpapasa tumbo. Nilimzunguka mara tatu kama mtu anayejua, na kweli kwa yale niliyoyaangalia nilikuwa najua. Lakini mimi, ambaye huwauliza watu mpaka wananikimbia, sikumuuliza mtu yule kwa nini mtamba kama huyo anamuuza kabla hajafika kwa wanunuzi wengi. Sikusimama kimya hata kidogo nimsikilize mnyama anavyopumua.

Mimi na mtamba tulitembea siku mbili. Nilipita vichakani ili kukwepa kizuizi cha mifugo, kwa kuwa kibali sikuwa nacho. Nyumbani nilisema nimenunua mnadani, na kibali wamekibakiza kizuizini. Shemeji alinitazama kidogo, kisha akamtazama mtamba, na uzuri wake ukamshinda. Hakuuliza tena.

Kwa shemeji mnyama mgeni halazwi peke yake. Wanasema akilala peke yake usiku wa kwanza, moyo wake unabaki alikotoka, na siku yoyote atakata kamba arudi huko. Kwa hiyo shemeji alichota samadi mbichi ya jike mzee kuliko wote, akampaka mgeni kuanzia paji la uso, shingoni, mgongoni mpaka mkiani, ili wenzake wakimnusa wanuse nyumbani. Kisha akamfunga katikati ya zizi, ubavu kwa ubavu na yule mtamba wa kahawia. Wale wawili walinusana puani kwa muda mrefu.

"Sasa ni mtoto wa humu," alisema shemeji, akifuta mikono kwenye majani.

Mtu aliyepinga kununua ndiye aliyemkaribisha kwa mikono yake. Hilo limenikaa kuliko mengine yote.

Kikohozi nilikisikia wiki ya pili. Nilikuwa nawapandisha kutoka lambo la maji, mahali penye mwinuko. Kilikuwa kifupi na kikavu, kama mtu anayebisha hodi huku hataki kusikika. Niligeuka. Mtamba mweusi alikuwa amesimama nyuma ya wenzake, shingo ameinyoosha mbele, kinywa wazi kidogo. Kisha akaendelea kupanda kama vile si yeye.

Mtu mwingine angesema vumbi. Mimi sikuweza, kwa sababu miaka ya nyuma, nilipokuwa nachunga ng'ombe wa watu, niliona zizi la jirani wa tajiri wangu likimalizika kwa homa ya mapafu. Nilikuwa mchanga na nilitaka kujua kila kitu, nikamfuata mtu wa mifugo siku nzima nikimuuliza. Alinieleza yote. Inaanza na kikohozi ng'ombe akitembezwa. Halafu anasimama amepanua viwiko vya mbele, kwa kuwa kifua kinamuuma. Halafu anapumua kwa mguno. Anaweza kukaa nayo wiki na wiki kabla hujaona lolote, na muda huo wote anawapumulia wenzake. Zizi lile nililiacha limebaki na mbwa wamelala katikati yake mchana.

Sikusema kitu.

Siku ya kwanza nilijiambia nisubiri nisikie tena. Nikasikia tena jioni, mara mbili. Siku ya pili nilimchunga nyuma kabisa, mbali na wenzake, nikamkalisha kwenye upepo unaokwenda upande mwingine. Nilidhani ninafanya jambo. Lakini jioni wote waliingia zizini, na shemeji mwenyewe akamfunga mahali pake pa kila siku, na mtamba wa kahawia akaja kulala karibu naye kwa kuwa walikuwa wameshazoeana. Nilisimama nje ya miiba nikiwaangalia pua zao. Kila mmoja alipotoa pumzi, mwingine aliivuta.

Kula sikuweza. Dada aliuliza kama nina malaria. Nikasema labda.

Siku ya tatu mtamba mweusi alisimama kivulini amepanua viwiko.

Nilichukua begi langu nikaenda barabarani. Sitasema nilikuwa nakwenda kumwita mtu wa mifugo. Nilikuwa nakwenda kupanda basi lolote litakalosimama. Nilikuwa nimeshaondoka sehemu nyingi na najua namna ya kuondoka: huagi, huangalii nyuma, na baada ya siku tatu unakuwa mtu wa mahali pengine. Karibu na njia panda nilikutana na dada anarudi na ndoo yake tupu kichwani.

"Unakwenda wapi na begi?"

"Dada, yule mtamba anakohoa."

"Hata mimi nakohoa. Ni vumbi."

"Sikumnunua mnadani."

Alitua ndoo chini. Alinitazama usoni, halafu begi, halafu usoni tena, na nikaona anavyounganisha mambo hayo moja moja bila mimi kusaidia.

"Ni ile ya mapafu?"

"Nadhani."

"Unadhani au unajua?"

"Najua."

Lori moja lilipita likatufunika kwa vumbi. "Rudi ukamwambie mwenyewe," alisema. "Mimi simwambii mume wangu maneno yako."

Shemeji alikuwa anaziba pengo la zizi kwa miiba. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yeye amechutama. Aliendelea kusukuma mwiba mahali pake mpaka nilipomaliza.

"Umemsikia lini?"

"Leo siku ya tatu."

"Siku tatu amelala humu, nawe unajua."

"Ndiyo, shemeji."

Alisema kitu kwa Kinyaturu, polepole, hakikuwa tusi. Dada, aliyekuwa amenifuata, hakukubali kunitafsiria, lakini maana niliipata. Kisha akasimama, akafuta magoti. Nilingoja anipige. Ningefurahi.

"Twende," alisema. "Ukasimame."

Sikujua maana yake mpaka tulipofika nyumba ya kwanza. Alikwenda kwa jirani mmoja baada ya mwingine, wote wanaonywesha kwenye lambo lile, akawaambia kwamba zizini kwake kuna ugonjwa wa mapafu, wasilete ng'ombe wao karibu na wake. Hakusema umeletwa na nani. Hakuhitaji. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni katika kila ua, natazama miguu yangu. Mama mmoja mtu mzima, ambaye asubuhi ile ile nilikuwa nimemwamkia shikamoo na akaniitikia kwa furaha, alisikiliza mpaka mwisho. "Afadhali mmesema," alimwambia shemeji. "Mara ile nyingine ulipoingia, hakuna aliyesema." Mimi hakuniangalia.

Afisa mifugo wa kata alifika kesho yake kwa pikipiki. Ni mwanamke, watu wote wanamwita daktari. Aliweka sikio kwenye kifua cha mtamba mweusi, huku na huku, akatupima sisi kwa macho.

"Kupeleka damu mjini na kungoja majibu ni siku nyingi," alisema. "Mapafu yenyewe yanasema leo."

"Kumchinja?" aliuliza dada.

"Nyama itafaa. Ila mapafu nitaangalia mimi, na yatafukiwa. Mbwa wasiguse."

Nilimshika miguu ya nyuma. Walipofungua kifua, pafu la kushoto halikutoka. Lilikuwa limegandamana na mbavu, ikabidi daktari alibandue kwa kisu, na maji ya njano yakamwagika mpaka kwenye viatu vyake. Alilikata katikati, akalilaza juu ya jani la mgomba ambalo dada alikuwa ameleta kwa ajili ya nyama. Lilikuwa gumu. Ndani lilikuwa na vipande vyekundu, vya kijivu, vyeusi, vimetengwa na mistari myeupe, kama sakafu ya terazo ya hospitali. Niliwahi kusikia likielezwa hivyo. Sikuwahi kuliona.

Daktari alitikisa kichwa, na shemeji akaondoka kwenda kusimama mlangoni mwa zizi.

Mtamba yule alikuwa na mimba kweli. Kwa hilo muuzaji hakunidanganya.

Tuliwekewa karantini. Asitoke mnyama wala asiingie. Migahawa ya njia panda iliacha maziwa ya dada, ingawa daktari aliwaambia ugonjwa ule haumpati binadamu. Majirani walichanjiwa ng'ombe wao. Wetu tulibaki nao kuwasikiliza.

Kazi hiyo nilijipa mwenyewe. Kila asubuhi kabla hawajasimama niliingia zizini nikachutama mbele ya kila mmoja, nikahesabu ubavu unavyopanda na kushuka. Nilijifunza kuwa ng'ombe mwenye afya ukimwangalia sana unaanza kumwona mgonjwa. Nilijifunza pia kuwa usingizini masikio yanaendelea kuchunga. Mtu akikohoa nyumba ya tatu, nilikuwa nimeshakaa. Jike mzee, yule ambaye samadi yake ilitumika, alikuwa wa kwanza. Halafu maksai wawili. Halafu kila baada ya siku kadhaa mmoja, mpaka wakafika saba. Shemeji alimfukia kila mmoja, na kila mmoja alimtaja tumbo lake kwa sauti kabla ya kumwaga udongo, kama mtu anayefunga daftari ukurasa kwa ukurasa.

Daktari alisema wanne waliobaki wapelekwe machinjioni kwa ruhusa maalumu, na zizi likae tupu msimu mzima wa mvua. Shemeji alikubali watatu. Mtamba wa kahawia alikataa.

"Huyu alikohoa," alisema daktari.

"Alikohoa, akapona. Mwangalie."

Kweli alikuwa amepona. Alikuwa anakula, manyoya yanang'aa, na dume wa mwisho alikuwa amempanda kabla hajaondoka. Tumbo la baba yake shemeji lilikuwa limebaki ndani ya mnyama mmoja.

"Ulimchoma sindano?" aliuliza daktari.

Shemeji aligeuka kuangalia miiba ya zizi. Mimi nilikuwa namjua aliyemuuzia dawa, na nilikuwa nimeshika kichwa cha mtamba wakati wa kuchoma. Nilisema, "Tulimchoma."

Daktari alivua kofia akajipepea nayo. Alieleza taratibu, bila kutulaumu, kwamba dawa ile inaweza kuunyamazisha ugonjwa bila kuumaliza. Unajifunga ndani ya pafu kama mbegu ndani ya ganda. Mnyama ananenepa, anazaa, anakamuliwa, na siku moja, akichoka au njaa ikimpiga, ganda linapasuka. Halafu akasema sheria anaijua, lakini angependa mwenye ng'ombe aamue kabla hajalazimishwa.

Shemeji alikaa na mtamba yule siku nne. Alimpeleka malishoni mwenyewe, peke yake, mbali kabisa. Nami siku hizo nne niliogopa kwa namna nyingine. Zamani niliwaogopa waliokuwa wanakohoa. Sasa nilimwogopa mnyama mzima, mtulivu, mwenye macho mazuri, aliyezaliwa hapo hapo mbele ya shemeji. Kumtazama kulinitia baridi kuliko kumtazama yule mweusi siku ya viwiko.

Siku ya tano asubuhi shemeji alimwita daktari, kisha akanipa kisu nikinoe.

Mapafu yalitoka bila kushikwa na mbavu. Yalikuwa mekundu, laini, yamejaa hewa. Dada alijishika mdomo. Niliona shemeji anavyoanza kuinamisha kichwa, nikajua anafikiria nini, kwamba amemchinja bure. Daktari aliendelea kupapasa kwa vidole, taratibu, kama mtu anayetafuta kokoto kwenye mchele. Chini kabisa ya pafu la kulia alisimama. Alikata. Lilikuwemo pande gumu kama ndimu kubwa, limefungwa kwenye ngozi yake nene, limetulia.

Shemeji aliligusa kwa kidole kimoja.

Zizi lilikaa tupu mvua zote. Majani yaliota mahali pa kulalia ng'ombe. Nilibaki kulima mtama na alizeti, na hakuna aliyeniambia nibaki au niondoke. Baada ya mavuno dada ndiye aliyesema, tukiwa tunakula mchana.

"Sasa cha kukuza hakuna. Itabidi tununue."

"Aende nani?" aliuliza shemeji.

"Huyu."

"Huyu?"

"Wewe ng'ombe wa kununua hujui kumwogopa vizuri. Unamchukia tu. Huyu anamwogopa."

Shemeji alitafuna kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, bila kunitazama: usinunue njiani, usinunue mnadani pia. Nenda kwenye zizi alikozaliwa. Mwone mama yake. Ukae huko, ulale huko, mpaka utosheke.

Ndivyo nilivyofika kwa mfugaji mmoja upande wa Manyoni, mtu mpole mwenye ng'ombe wasiozidi ishirini, na mitamba wawili wa kuuza. Vyeti vya chanjo alinionyesha, na mtu wa mifugo wa kwao nilikwenda kumuuliza mwenyewe. Mama wa mitamba wale nilimwona, nikamgusa. Nilikaa siku sita nawasikiliza. Mwenyeji alinilisha, akanistahimili, na siku ya sita akauliza, "Ndugu, unanunua ng'ombe au unamposa?"

Nilimwomba tuwaswage wote, kwa haraka, kupanda mwinuko ulio nyuma ya nyumba yake. Alicheka, lakini alichukua fimbo. Tuliwakimbiza. Juu tulisimama nao vumbi likitua, wanapumua kwa nguvu, nami nimezuia pumzi yangu ili nisikie zao. Ilikuwa kimya. Halafu mmoja, sikuona yupi, alikohoa mara moja, akainama akala.

"Vumbi," alisema mwenyeji.

Inawezekana. Niliwatazama viwiko, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho. Nikaegemea fimbo yangu.

"Tuwashushe," nilimwambia, "halafu tuwapandishe tena."